Baibui Lililogeuzwa Mara Mbili

Juzi mpwa wangu Saumu aliniketisha barazani, ati shangazi njoo ucheke. Akanifungulia simu. Msichana wetu mmoja, kwa sauti nikamjua ni wa huku huku Likoni, yumo jikoni kwa watu Riyadh. Kajifunga shela ya madam wake, anamwigiza anavyotembea, anavyofoka, anavyokagua sufuria kwa kidole. Alimpatia, siwezi kusema uongo. Saumu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye pazia la nyuma yake. Lilikuwa la zambarau, lina nyuzi za dhahabu, la kushonesha, si la dukani. Mwenye pazia lile akiliona tu, basi.

Nikasema mpigie afute. Saumu akanijibu kwamba watu wengi washaiona, na huyo mwenye nyumba ataionea wapi. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Nawaandikia nyote mnaopanga foleni kwa mawakala na mnaojiona wachekeshaji. Kazi za ndani nimezifanya Riyadh na Jeddah mpaka magoti yakanisusa. Kuchekesha nako nimefunzwa na watu wawili waliokujua, mmoja mama wa Kizanzibari wa mtaa wa Ghulail kule Jeddah, mwengine Mmarekani mtunzi wa vitabu, ambaye kwao jina lake likitajwa watu wanaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Wote wawili walinipenda. Na baina yao wakaniponza, wala hakuna aliyetaka.

Jueni kwanza nilichokuwa nakitaka. Nilitaka mama yangu anione kabla nuru yake haijaisha. Alikuwa na presha ya macho. Walimwambia hospitali kwamba nuru itaondoka kidogo kidogo, na ikiondoka hairudi. Nikimpigia simu ananiambia, mwanangu, mlango nauona lakini komeo silioni. Simu nyingine ananiambia, mtu namwona, ila simjui ni nani mpaka aseme. Hakuwahi kuniambia rudi. Aliniambia nichekeshe, nami namchekesha, na akishacheka anarudia lile lile: siku ukija usiseme kitu mlangoni, simama tu, nataka nikutambue kwa macho yangu.

Sasa tuanze na pasi.

Baibui jeusi ukilipiga pasi kwa nje linang'aa makalioni kama sufuria iliyosuguliwa, na madam akilivaa mbele ya wenzake aibu yake itakushukia wewe. Unaligeuza ndani nje, unalipiga pasi ya vuguvugu kwa ndani, ndipo unaligeuza tena. Mimi sikujua. Baibui la kwanza nililopewa Riyadh lilikuwa la kwendea harusini, na madam alipoliona alinivisha mimi, akanizungusha mbele ya kioo nijionee. Nilijifunza siku hiyo hiyo.

Kwamba hadithi nayo hupigwa pasi hivyo hivyo, hilo nilifunzwa na Bi Rukia. Wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye akiwa wa kubebwa, na alizeekea Ghulail kwenye ghorofa nyembamba juu ya duka la viungo. Mimi wakati huo nilikuwa nishahamia Jeddah, nitawaeleza nilivyohamia. Ijumaa baada ya sala, sisi Wakenya tuliopata ruhusa tulikwenda kwake, Waislamu na Wakristo, tukala urojo wake, tukatoa visa vya majumbani tunakofanya kazi. Nani angetuzuia? Wiki nzima umeitwa yalla, yalla, yalla, kama punda. Kucheka ndiyo ilikuwa dawa.

Lakini Bi Rukia alikuwa na sheria yake. Hakuna kisa kinachotoka kwa uso wake. Mzee wa kiume mfanye bibi. Mnene mfanye mwembamba. Kama ni Riyadh, sema Jeddah. Na wewe usiwe wewe, sema ni Muindonesia mmoja rafiki yako. Kwa nini? Kwa sababu madereva wanaokuja kuwachukua wasichana wanasimama kwenye ngazi, na dereva ana bosi, na bosi ana shemeji. Akatuambia: "Kigeuzeni kama baibui. Mshono watauona, tarizi hawataiona." Nasi tuligeuza. Tulizoea hata mtu akianza "kuna bibi mmoja mwembamba wa Jeddah," sote tunajua ni babu mnene wa Riyadh, tunacheka kabla kisa hakijaanza.

Msitafute kosa langu humu. Sheria hiyo niliishika kuliko wote.

Kisa changu kilichopendwa kilikuwa cha kipanga. Leo nawapa kwa uso wake, wenyewe washakijua.

Nyumba yangu ya Riyadh ilikuwa ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Nilimwita Baba kama tunavyowaita. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani jina lake ndilo liko kwenye ikama yangu, kibali cha kuishi kule, na pasipoti yangu imo kabatini mwake, na bila neno lake siondoki nchini. Alikaa na baba yake mzazi, mzee asiye na meno, na mzee alikuwa na kipanga. Ndege yule alikuwa na kigoda chake majlisi, sebule ya wanaume, na kiyoyozi kiliwekwa baridi anayoipenda yeye. Chumba changu mimi kilikuwa kando ya tangi la maji na kilikuwa na feni mbovu. Asubuhi namkatia kwale mbichi vipande vidogo, natoa mifupa yote, maana akipaliwa yeye nimepaliwa mimi.

Siku waliyokuja watu wa posa ya Noura, binti mkubwa wa nyumba, madam alimsihi mzee ndege aondolewe. Mzee akakataa, ati mgeni akija amkute kila mwenyeji. Wakaja. Mbele ameketi ammi wa bwana harusi, mtu wa cheo, ndevu nyeusi tititi, ndiye mwenye kauli. Mimi nimesimama nyuma ya mlango na sinia la gahwa, kahawa yao, nasubiri dereva alipokee. Mzee akataka kujionyesha, akamvua ndege kofia yake ya ngozi. Kipanga akatazama huku, akatazama kule, akamchagua ammi. Alishika kitambaa cha kichwani, na kitambaa kikaja na nywele. Wallahi, nywele zote. Akaruka nazo mpaka juu ya taa kubwa ya vioo, akatulia, akaanza kuzinyonyoa kama kwale wake.

Hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana akipanda ngazi mbele ya kichwa kile. Nikaitwa mimi. Nikapanda na kipande cha nyama, nikabadilishana na ndege, nikashuka na wigi. Sasa mfanyakazi mwenye adabu afanye nini? Niliipeleka jikoni, nikaiosha, nikaikausha kwa mashine ya nywele ya Noura, nikaiweka kwenye sinia la fedha juu ya kitambaa safi, pembeni nikapanga tende. Nilidhani nimeokoa jahazi. Dereva, naye masikini, aliinama nayo mbele ya ammi vile vile anavyoinama na gahwa, akasema tafadhali. Mzee asiye na meno ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza yeye hakuna aliyejiweza. Ammi akaitia wigi mfukoni, akaondoka na watu wake, na posa ikaondoka nao.

Jioni Noura alinikuta jikoni nalia kwa hofu. Alikuwa ametoka kulia yeye. Akakaa sakafuni kando yangu, akaniambia, Maryam, umepanga na tende? Jina langu Mwanasha liliwashinda, waliniita Maryam. Nikamwambia nimepanga. Tukacheka sote wawili pale sakafuni mpaka makamasi yakatutoka. Nilimpenda yule msichana.

Jeddah nilifika hivi. Madam alipata uzazi mgumu, na daktari mmoja wa kike, Mmarekani, akamwokoa yeye na mtoto. Baba hakujua amshukuru vipi. Daktari alikuwa anahamishiwa hospitali ya Jeddah na anatafuta msaidizi wa nyumba, basi Baba akanitoa mimi. Akaahidi atanihamisha rasmi, jina la Daktari liingie kwenye ikama, lakini makaratasi kule hutembea kwa magongo, na muda wote huo kafili alibaki yeye. Sikujali. Kwa Daktari nilikuwa na chumba chenye dirisha na Ijumaa yangu mwenyewe. Na kwa Daktari kulikuwa na mumewe, Mista Tobi.

Mnaniuliza kila siku habari za Mista Tobi, kwa kuwa mmesikia nilipikia mtu mashuhuri. Haya. Alikuwa mzee mrefu, mabega yameshuka, anavaa soksi tofauti, na alikuwa hana kazi. Mke anakwenda hospitali, yeye anakuja jikoni kwangu, anachukua kisu, anamenya karoti vibaya, na kuzungumza. Kizungu changu kilikuwa cha jikoni na Kiarabu chake cha teksi, lakini tulielewana. Maisha yake yote aliniambia juu ya karoti.

Baba yake alikuwa seremala wa majeneza katika mji mdogo wa mahindi na theluji. Tobi alikulia dukani mle, na akaona jambo moja: watu waliofiwa hucheka. Wanakuja kuchagua jeneza wamevimba macho, mmoja anakumbuka jambo la marehemu, anacheka, kisha anaona haya. Alipokua akapata kazi kwenye gazeti la mji, kuandika matangazo ya vifo. Akafa mzee mmoja aliyejulikana kwa kuazima ngazi za watu na kutorudisha. Tobi akaandika saa ya mazishi, kisha akaongeza kwamba wenye ngazi zao waje wakazichukue. Mjane alicheka mpaka makaburini. Mhariri akamfukuza. Baada ya hapo kila aliyefiwa akawa anamtaka Tobi, na mhariri akamrudisha kwa kumbembeleza.

Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha mji ule ule. Marekani nzima ilicheka. Walimchukua miji mikubwa, akasimama jukwaani kwenye kumbi zilizojaa, peke yake na bilauri ya maji, na watu wakalia kwa kicheko. Wakatoa na filamu. Akanunua nyumba, akaoa, akaachwa, akanywa, akaoa, akaachwa tena. Lakini alikuwa na dada yake mmoja tu duniani, na dada yule alijikuta kitabuni alivyo, na meno yake na ubahili wake na mume wake anayelala kanisani. Alifunga mlango. Hakuufungua hata mama yao alipokufa. Hapo Mista Tobi aliacha kumenya, akaniambia kwamba tangu siku ile aliapa kutoandika mtu yeyote bila kumgeuza kila kitu, asijitambue hata yeye mwenyewe.

Mimi niliposikia vile moyo wangu ulimwamini. Nikasema moyoni, kumbe huyu ni wa kwetu.

Na kazi yake aliijua. Alinifunza kutocheka kabla ya watu, maana ukicheka wewe umewanyang'anya. Alinifunza jambo la kuchekesha litamkwe na mtu asiyejua kwamba linachekesha, kama yule dereva na tafadhali yake. Alinifunza kungoja. Watu wakicheka usiseme, kunywa maji. Nikijaribu Ijumaa kwa Bi Rukia, ngazi zinatikisika. Ila yeye mwenyewe alikuwa amekauka. Miaka mingi hakuandika kitu. Anakaa mbele ya mashine yake ya kuandikia asubuhi nzima, anarudi jikoni na uso wa mtu aliyefunga choo. Daktari alikuwa akinitazama kwa macho ya kuniomba, ati zungumza naye, Mwana, akiwa na wewe anacheka.

Basi nikampa kisa cha kipanga. Nikakigeuza kwanza, kama sheria. Nikamwambia kuna bibi mmoja wa hapa Jeddah, mwenye meno yake yote, ana jogoo wake anamlaza kwenye mito sebuleni. Siku ya ugeni wa wanawake wa posa, jogoo akamrukia shangazi wa bwana harusi na kuondoka na wigi yake. Mfanyakazi, Muindonesia rafiki yangu, akaiosha akairudisha na tende. Mista Tobi alidondosha kisu. Alicheka kimya kimya kwanza, halafu kwa sauti, na siku ile hakurudi jikoni. Nilisikia mashine yake inalia mpaka Daktari aliporudi kazini. Baadaye akaja kuniuliza kwa adabu kama naruhusu akiandike. Nikamwambia andika. Ningekataa nini? Kilikuwa kimevaa.

Siku hizo Baba alikuwa ameniletea habari kwamba makaratasi yamekaribia. Akiweka sahihi tu, Daktari angenikatia viza ya kwenda na kurudi, nikamwone mama. Mama alikuwa bado anaona rangi kali zikiwa mbele ya mwanga. Nikatafuta dera jekundu, jekundu la kuumiza macho, nikalikunja juu kabisa ya sanduku. Nilijiona nimesimama mlangoni, sisemi kitu, naye anakunja uso, anakunja, halafu anaita jina langu.

Kisa kilitoka kwenye jarida la kwao. Mista Tobi alifufuka. Simu zilimlilia kutoka Marekani, ati mzee karudi, ati hajawahi kuandika kizuri kama hiki. Alinunua keki akanikatia mimi kipande cha kwanza. Nami nikafurahi, kwa nini nisifurahi.

Aliyenipigia alikuwa Noura. Alikuwa amesoma Kizungu chuoni, na wenzake walikuwa wamerushiana kisa kile kwenye simu mpaka kikamfikia. Wakati huo alikuwa ameposwa mara ya pili. Sauti yake ilikuwa chini, hakunifokea, heri angenifokea.

"Maryam," akaniambia, "tulicheka pamoja sakafuni. Kwa nini ukaenda kutucheka na watu?"

Nikamwambia sijawacheka, kile ni kisa cha bibi na jogoo, cha Jeddah. Akakitafuta kile kisa. Kisha akanisomea, anatafsiri kwa Kiarabu neno kwa neno. Babu wa Riyadh asiye na meno. Kipanga. Ammi wa bwana harusi na ndevu zake nyeusi. Mfanyakazi kutoka Afrika. Nikaibana simu na bega, nikasikiliza mpaka mwisho.

Daktari na Mista Tobi walipanda ndege siku ya pili kwenda Riyadh kuniombea. Baba aliwakaribisha, akawapa gahwa na tende, akamshukuru Daktari upya kwa uhai wa mtoto. Mafi mushkila, hakuna tatizo, akasema. Makaratasi hayajakamilika, mfanyakazi ni wangu, atarudi kwangu. Hakupandisha sauti. Siwezi hata kumlaani yule mtu, wanangu, na hilo ndilo linalonichoma. Nyumba yake ilikuwa imevuliwa nguo mbele ya ulimwengu.

Walirudi Jeddah wakanikuta jikoni, nimefunga sanduku. Daktari alikuwa analia kwa hasira. Mista Tobi akaja mbele yangu na mikono yake mirefu ikining'inia.

"Lakini niligeuza kila kitu, Mwana," akasema. "Nilikuapia. Bibi nikamfanya babu. Jogoo nikamfanya kipanga. Jeddah nikaifanya Riyadh. Kila kitu nilikigeuza ili nikulinde."

"Na mimi nilishakigeuza," nikamwambia.

Akanitazama. Niliona jambo lile linamwingia. Lilianza kwenye nyusi, likashuka mabegani, na yule mzee, wanangu, akacheka. Alicheka akashikilia friji. Alijaribu kujizuia, akaniomba radhi, akaninyooshea mkono, kisha nadhani yule jogoo akampita tena kichwani, akacheka upya mpaka machozi yakamtiririka. Daktari alimpigia kelele anyamaze. Hakuweza. Kwa kazi yake hakuwahi kukutana na kichekesho kizuri kama kile, na mpishi hapiti chungu bila kuonja. Mimi nilisimama na ufunguo wa sanduku mkononi. Nilitamani kumpiga kwa kitu. Nilitamani afe. Nasema kama ilivyokuwa.

Riyadh sikupigwa. Mkisikia wengine wameteswa aminini, lakini mimi sikupigwa wala sikunyimwa chakula. Nilinyamaziwa. Nikiingia chumbani watu wanakata maneno. Madam aliniamrisha kwa kidole, kile pale, lete, peleka, halas, yaani basi. Simu ilichukuliwa. Noura aliolewa na watu wachache, bila shangwe, wala hakuja jikoni kuniaga. Mzee alikuwa amekwishakufa na ndege amepewa mtu. Nikisema neno nilitazamwa kama ninayechomoa kisu, basi nikaacha kusema. Mama nilizungumza naye sikukuu tu, madam kasimama pembeni anasikiliza, na mama ananiambia nichekeshe, nami namwambia tuko salama, mama. Nimekula, mama. Nawasalimu wote. Mpaka mkataba ulipokwisha nilikuwa nimesahau sauti yangu.

Bi Rukia nilimpigia baadaye sana, nilipokuwa nishatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akaniambia nguo ukiigeuza mara mbili, mwanangu, imerudi palepale ilipokuwa. Jambo la pasi hilo, kila dobi analijua. Ila hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwengine duniani naye anageuza. Kwa hiyo shikeni hili, maana ndilo pekee nililorudi nalo: ukimpa mtu kisa ulichokivisha, mwambie nimeshakivisha, kiache hivyo hivyo. Na yule msichana wa pazia mwambieni ashone pazia jingine.

Kitabu nacho kilitoka. Rafiki yake Saumu anasafisha vyumba katika hoteli ya Diani, mgeni mmoja akakiacha chini ya kitanda, na Saumu akaniletea kwa furaha, ati shangazi si huyu ndiye wako? Akanisomea. Mista Tobi ameandika vizuri, siwezi kumnyima. Mimi nimo, nimegeuzwa, nimekuwa mwanamume wa Kihindi jina lake silikumbuki. Na sura ya mwisho ni ile siku ya jikoni. Mzee anasema nilikigeuza, mpishi anasema na mimi nilishakigeuza. Halafu ameandika kwamba tukatazamana, tukashikana mabega, tukacheka pamoja mpaka tukalia.

Nikamwambia Saumu arudie hapo. Akarudia. Tukacheka pamoja. Yale ya wengine yote aliyageuza ili kuwalinda. Hili sijui alikuwa anamlinda nani. Wamarekani wanafunga kitabu wakijua yule mfanyakazi alicheka, na mimi sina wa kumwambia isipokuwa nyie.

Nilirudi asubuhi moja ya jua kali. Nilivaa lile dera jekundu, nikapita uani. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao mlangoni pa jiko anachambua mchicha kwa vidole, uso ameuinua juu. Nikasimama mlangoni kama alivyoniagiza. Sikusema kitu. Nikasogea kwenye jua. Nikangoja, nikatanua dera kwa mikono miwili.

"Nani hapo?" akauliza.

Mdomo ulitaka kumpa mzaha, kama zamani. Niliutafuta mzaha kila mahali ndani yangu, hata mmoja sikuupata. Nikasema ni mimi, mama, ni Mwanasha. Akaweka mchicha chini, akaninyooshea mikono, akanipapasa uso, pua, masikio, taratibu, kama anayenunua kitu asichokiamini. Kisha akageuka upande wa ua, akamwita jirani yetu.

"Mwanajuma, hebu njoo unitazamie huyu. Anasema ni Mwanasha. Lakini Mwanasha angekuwa ameshanichekesha."

Mwanajuma akaja, akanitazama, akamwambia mama kwa jina lake, ni yeye, Mwanamkuu, ni yeye mwenyewe. Mama akamuuliza amevaa nini. Akaambiwa dera jekundu sana. Mama akashika upindo wa lile dera, akausugua kidogo baina ya vidole, akasema kitambaa ni kizuri.